Amana Iliyo Chini ya Ardhi

Kila kazi ina swali lake ambalo mwenye kuifanya hupenda kulipita pembeni. Hakimu ana lake, tabibu ana lake, na hata mvuvi, akiwa peke yake baharini usiku, hana budi kujiuliza mambo mawili matatu juu ya riziki yake. Sisi tunaochimbua mambo ya kale nasi tuna letu. Ni jepesi kulitamka na zito kulijibu: nani aliyetupa haki ya kuchimba?

Sizungumzii leseni. Leseni ni karatasi, na njia ya kuipata inajulikana. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, inavilinda vitu vilivyotengenezwa kwa mikono ya watu kabla ya mwaka 1863, na inamkataza mtu kufukua bila kibali. Ni sheria nzuri, nami nimeifanyia kazi. Lakini sheria humwambia polisi nani wa kukamatwa. Haimwambii mchimbaji, anapoinama na mwiko wake juu ya udongo ambao haujaguswa kwa miaka mia saba, kama jambo analolifanya ni la haki. Kibali cha serikali na ridhaa ya dhamiri ni ndugu, lakini si mapacha.

Kabla ya kulijibu swali, ni vizuri msomaji aijue kazi yenyewe, maana wengi huidhani kuwa ni ya kutafuta hazina. Katika miaka zaidi ya 30 niliyoipitisha katika ukanda wa pwani ya kusini, tangu delta ya Rufiji hadi Ruvuma, sehemu kubwa ya siku zangu ilikwisha kwa kutembea. Unatembea katika mashamba ya mihogo na mikorosho, macho yako yakiwa chini. Unaokota vigae vilivyotolewa juu na jembe la mkulima au na panya buku. Unaandika mahali ulipoviokota. Ukiona vimesongamana mahali pamoja, unapima eneo kwa kamba, unachora ramani, na pengine, baada ya msimu mmoja au miwili, unafungua shimo la mita 2 kwa mita 2. Unashuka sentimita 10 kwa sentimita 10, au unafuata rangi ya udongo inavyobadilika. Kila ndoo ya udongo hupita kwenye chekeche. Jioni unaosha vigae, unavipa namba kwa wino, unavitia mifukoni. Dhahabu huioni. Unaona vigae, mifupa ya samaki, magamba ya chaza, ushanga mmoja wa kioo, na mavi ya chuma yaliyomwagwa na wahunzi.

Hata hivyo, ndani ya takataka hizo ndimo yalimo maisha ya watu wasioacha maandishi. Mwaka 1966 Robert Soper alichimba Kwale, nyuma ya pwani ya kusini ya Kenya, akakuta vyungu vya wakulima na wafua chuma walioishi huko katika karne za mwanzo baada ya Kristo. Baadaye Felix Chami na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako akiolojia ilianza kufundishwa mwaka 1985, walikuta vyungu vya jamaa hiyohiyo katika pwani ya kati ya Tanzania na hata visiwani. Watu hao hawana kaburi lenye jina, hawana utenzi, hawatajwi katika barua ya mfalme yeyote. Kama si vigae, tungesema hawakuwapo.

Sasa tatizo. Kuchimba ni kuharibu. Shimo la akiolojia ni kama karanga: huwezi kuijua ladha yake na bado ukabaki nayo mkononi. Tabaka la udongo likishaondolewa halirudi lilivyokuwa, hata ukilijaza shimo kwa udongo uleule. Kinachobaki ni daftari, michoro, picha na mifuko ya vigae. Aliyechimba amejipa uwezo wa kuuliza, na papo hapo amewanyima wote watakaokuja nyuma yake uwezo wa kuuliza mahali pale pale.

Hasara hii si ya kufikirika tu. James Kirkman alianza kuchimba Gede mwaka 1948 na akaendelea kwa miaka kumi. Kipimo cha umri kwa njia ya kaboni, kazi ya Willard Libby, kilitangazwa mwaka 1949. Kabla ya hapo kipande cha mkaa ndani ya shimo kilikuwa uchafu tu. Baada ya hapo kikawa shahidi. Kisiwani Pemba, watafiti wa miaka ya karibuni waliutia udongo wa Tumbe na wa Chwaka ndani ya maji ili mbegu zilizoungua zielee juu. Wakabaini kwamba wenyeji wa Tumbe ya kale walitegemea zaidi uwele, na kwamba mchele ulishika nafasi kubwa baadaye, huko Chwaka, tangu kama karne ya 11. Habari ya watu walichokula, lini walianza kupenda wali na kwa nini, ilikuwa imelala ndani ya udongo ambao mchimbaji wa zamani angeutupa nje ya shimo bila kuutazama mara mbili. Hatumlaumu, hakuna ajuaye chombo ambacho hakijaundwa. Lakini tusijidanganye kwamba sisi ndio wa mwisho kuunda vyombo. Katika udongo tunaoutupa leo mna majibu ya maswali ambayo hayajaulizwa.

Wapo wanaojibu kwamba elimu inahalalisha yote. Jibu hili silidharau, kwa sababu nimeyaona matunda yake. Kitabu cha Kirkman cha mwaka 1954 kiliiita Gede mji wa Waarabu, nalo jina hilo lilikuwa juu ya jalada. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa Kisiwani katika miaka ya 1960 na kutoa kitabu chake kikubwa mwaka 1974, naye aliutazama mji ule zaidi kama kazi ya wageni waliovuka bahari. Mtoto wa pwani aliyesoma historia ya namna hiyo alijifunza kwamba mababu zake walikuwa watazamaji katika mji wao wenyewe. Kisha uchimbaji ukaendelea. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, Mark Horton alichimba kati ya mwaka 1980 na 1988, akakuta chini ya msikiti wa mawe misikiti mingine ya kabla yake, mmoja juu ya mwingine, ile ya chini kabisa ikiwa ya miti, ya karne ya 8, katikati ya mji wa nyumba za udongo na vyungu vya kienyeji. Mji ulikuwa umeota pale pale. Haukushushwa kutoka jahazini.

Halafu, mwaka 2023, ukaja utafiti wa vinasaba uliomhusisha Chapurukha Kusimba, kutokana na mabaki ya watu 80 waliozikwa katika miji ya pwani na sehemu moja ya bara. Ulionyesha kwamba wengi wa watu wale wa pwani walikuwa na asili ya Afrika kwa nusu au zaidi, hasa upande wa akina mama, na sehemu kubwa ya asili ya Asia, hasa Uajemi, zaidi upande wa akina baba, na kwamba kuchanganyika huko kulianza mnamo mwaka 1000. Wazee waliosimulia habari za Washirazi, ambao wasomi wengi waliwacheka kwa miaka mingi, walikutwa na chembe ya kweli mdomoni. Na wale waliosema kwamba Mswahili ni mtu wa pwani ya Afrika nao walikutwa na kweli kubwa. Kila upande ulipewa kitu na kila upande ulinyang'anywa kitu. Hiyo ndiyo heshima ya elimu: haiji kumsaidia mtu ugomvi wake.

Basi elimu ni jema la kweli. Lakini jema halijigeuzi kuwa kibali. Tabibu anayetamani kuujua ugonjwa hapati kwa tamaa hiyo haki ya kumpasua mgonjwa asiyekubali. Nasi tunaowachimba hatuwezi kuwauliza. Hapa ndipo swali linapouma zaidi, kwa sababu matokeo yale ya mwaka 2023 hayakutoka katika vigae. Yalitoka makaburini.

Mzee mmoja wa kijiji kilicho kusini ya Kilwa aliwahi kulijadili jambo hili nami. Tulikuwa tumefika kupima makaburi ya kale yaliyo kando ya bahari. Nilimwamkia, tukakaa barazani, akaniuliza kazi yetu, nikamweleza. Alinyamaza kidogo, akasema:

"Mwanangu, ukimkuta mtu kalala, waweza kumfunua shuka ili umjue ni nani?"

"Hapana, mzee. Ila nyumba ikiwa inaungua."

"Ikiungua utamfunua, utamtoa nje, na ukishamtoa utamrudishia shuka yake. Nyinyi shuka mnaondoka nayo."

Nimeyafikiri maneno haya mara nyingi, na naona yana mambo mawili ndani yake. La kwanza ni haja: kumsumbua aliyelala kunahitaji sababu iliyo kubwa kuliko udadisi. La pili ni marejeo: hata sababu ikiwapo, kitendo hakijatimia mpaka kilichoondolewa kirudi. Mzee hakupinga elimu. Alipinga elimu inayoondoka na shuka. Na ni haki kusema kwamba wapo waliolisikia onyo la namna hii: kazi ile ya vinasaba ilitanguliwa na mazungumzo ya muda mrefu na wenyeji, na mabaki yakarudishwa ardhini. Afrika Kusini nako, mifupa iliyotolewa katika kilima cha Mapungubwe tangu miaka ya 1930 ilizikwa tena mwaka 2007. Mwanandani waweza kufunguliwa na kufungwa tena kwa adabu. Inachukua muda zaidi na fedha zaidi, basi.

Lipo jibu la pili ambalo wenzangu hulipenda: tusipochimba, vitu hivi vitapotea vyenyewe. Na kweli vinapotea. Kilwa Kisiwani, bahari ilikuwa ikiila Gereza upande wa ufukweni, na magofu ya Kilwa na Songo Mnara, yaliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, yaliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini tangu mwaka 2004 hadi 2014. Mahali pengine mawe ya matumbawe yamechukuliwa kujengea au kuchomea chokaa. Barabara zinapanuliwa, hoteli zinashuka mpaka mchangani, mashamba yanapanuka kwa sababu watu wameongezeka na wanataka kula. Kwa hiyo asiyechimba naye hana mikono safi. Kuuacha mji uliwe na maji huku ukijua ungeweza kuandika habari zake, nako ni kuharibu, ila ni kuharibu kwa kukaa kitako.

Lakini hoja hii ina meno pande zote mbili, na inataka kushikwa kwa uangalifu. "Kingepotea" ni neno la mwokoaji, na ni neno la mwizi vilevile. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya madainosaria huko Tendaguru, karibu na Lindi. Si kazi ya akiolojia hasa, kwa kuwa wanyama wale walikufa zamani sana kabla ya binadamu, lakini mfano unafaa. Zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe zilichukuliwa vichwani na mabegani mwa wapagazi hadi bandarini, zikasafirishwa Berlin, na mnyama mkubwa kuliko wote aliyesimamishwa pale amekuwa fahari ya jumba la makumbusho tangu mwaka 1937. Hakuna asemaye kwamba mifupa ile imetunzwa vibaya. Swali la watu wa Lindi ni jingine: aliyeitunza mali yangu kwa miaka mia, je, kwa kuitunza tu ameipata?

Jibu la tatu ni kwamba vitu hivi ni mali ya taifa, na taifa likikubali yameisha. Nami nimekuwa mtumishi wa jibu hili. Hata hivyo, taifa ni watu, na watu hawavitazami vitu hivi kwa jicho moja. Kaole, karibu na Bagamoyo, katika orodha ya serikali ni magofu; kwa wanaokwenda kwenye kaburi la Sharifa na ubani na dua zao, pale si gofu. Huko Kondoa, ambako michoro ya mapangoni iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, Mungumi wa Kolo ni mahali pa matambiko. Mhifadhi anaona pombe ya tambiko ikirushwa ukutani na kuharibu rangi ya kale. Mwenyeji anaona mlango wa mizimu yake ukitiwa mlinzi na daftari la wageni. Kuna uharibifu wa kweli katika jicho la kwanza na udhalimu wa kweli katika jicho la pili. Anayesema "ni mali ya taifa" hajalimaliza shauri hili; ameutaja tu uwanja linapozungumziwa.

Kwa hiyo siamini kwamba tuna haki ya kuchimba, kama neno haki lina maana ya kitu ambacho mtu anakidai na kukishika. Naamini tuna amana. Lugha yetu ina neno hili na watu wa pwani wanalijua uzito wake. Aliyewekewa amana si mwenyewe, lakini si mgeni pia. Anaruhusiwa kuigusa, na atahojiwa juu yake. Mfano ulio karibu zaidi ni mali ya yatima. Mlezi haambiwi aifungie sandukuni mpaka ioze. Anaweza kutoa humo kwa haja ya yatima mwenyewe, kwa kiasi, na kwa hesabu. Kinachokatazwa ni kuila kana kwamba ni yake, na kuimaliza kabla mwenyewe hajakua.

Mtu atanipinga: yatima yupo, ana jina, siku moja atakuja kudai. Hao wa kesho ambao hawajazaliwa, na hao waliokufa miaka 700 iliyopita, watadai kwa mdomo gani? Nitamjibu kwa jambo lililo mlangoni petu. Mtu huweka shamba la minazi kuwa wakfu wa msikiti, na wanaofaidika nalo ni watu ambao babu zao walikuwa bado hawajazaliwa alipoliweka. Hakuna anayesema wakfu ni batili kwa kuwa walengwa hawana majina. Nazi huliwa, minazi hupandwa tena, shamba haliuzwi. Ikiwa tunaweza kuwa waaminifu kwa wasiozaliwa katika habari ya minazi, sioni kwa nini tushindwe katika habari ya udongo.

Tukilishika neno amana, mambo kadhaa yanafuata yenyewe. La kwanza ni kiasi. Asiyejua haja yake asichimbe. Na mwenye haja achimbe kwa kadiri ya swali lake, aache sehemu kubwa ya mahali bila kuguswa. Pale bahari inapokula au barabara inapopita, haja ni kubwa na shimo liwe kubwa. Pale mahali palipo salama chini ya mibuyu, haja kubwa ni subira.

La pili ni hesabu. Shimo lililochimbwa bila kuandikwa ni baya kuliko shimo la mtafuta hazina, kwa sababu mtafuta hazina hakuahidi kitu. Nimewahi kuingia ghala la taasisi moja nikakuta masanduku ya vigae yamelalana mpaka darini, mchwa wameshakula vibandiko, na hakuna awezaye kusema vimetoka wapi. Vigae vilikuwa vizima, lakini habari zake zilikuwa zimekufa. Na hesabu itolewe kwa lugha ambayo mwenye amana anaisikia. Taarifa nyingi za pwani yetu zimeandikwa kwa Kiingereza, katika vitabu ambavyo bei yake ingemnunulia mkulima wa Kilwa mbuzi. Mwanakijiji aliyetoa shamba lake lichimbwe anastahili angalau jioni moja ya kusimuliwa, kwa Kiswahili, kilichopatikana humo.

La tatu ni majina. Tendaguru msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani. Wengi waliomwona yule mnyama Berlin hawakupata kulisikia jina lake. Kamoya Kimeu wa Kenya alianza kama kibarua wa akina Leakey, akawa ndiye aliyeigundua mifupa ya yule kijana wa Nariokotome mwaka 1984. Mwaka 1995 jina lake lilitiwa katika jina la nyani wa kale. Hao ni wachache waliobahatika. Wengi walioshika sururu na chekeche katika pwani hii, wanaume na wanawake ambao vidole vyao vilikijua kigae kabla macho yetu hayajakiona, wameandikwa katika vitabu kwa neno moja, "vibarua". Anayewaombea waliokufa zamani wasisahauliwe hawezi kuwasahau aliofanya nao kazi jana.

La nne ni kurudisha. Mifupa irudi ardhini kwa utaratibu wa wenyewe. Vitu vikae karibu iwezekanavyo na mahali vilipotoka. Hata elimu irudi, iwe ya kupendeza au isiyopendeza. Tukikuta kwamba mababu walikuwa watumwa wa fulani, au waliwauza fulani, tuseme. Amana haina ruhusa ya kuchagua kilicho kizuri na kuficha kilicho kibaya.

Vijana wanaoanza kazi hii huniuliza kwa nini mara kwa mara nawaonyesha kilima kilicho bora kuliko vyote katika eneo, chenye vigae vingi na udongo usiovurugwa, kisha nawaambia tuweke mashimo yetu pembeni. Wana haki ya kuuliza. Wana nguvu, wana vyombo vizuri kuliko tulivyokuwa navyo sisi, na maisha ya mtu ni mafupi. Mimi huwajibu kwamba tulichokuja kuuliza mwaka huu kinajibika pembeni, na kile cha katikati kina mwenyewe ambaye bado hajaja. Wengine hukubali, wengine hununa. Wote nawapa daftari, nawaambia waandike pale tulipoacha, kwa vipimo kamili, ili atakayekuja ajue kwamba tulipaona.